Kucha ya Mwakio

Wakesho mjukuu wangu,

Tangu uende Mombasa hujakanyaga kwangu. Umevunjika miguu?

Niko Voi kwa mjomba wako Mwakio, fundi wa magari. Jana magari yalishindana huku kwenye shamba la mkonge. Mwakio aliminya kila tairi kwa kucha, vile nilivyomfundisha kupima mahindi ya kuchoma, akafunga laini nyuma na magumu mbele. Mzungu wake, dereva wa gari hilo, akafoka, "Umechanganya! Likiteleza kwenye kona, kazi huna!" Kwenye kona, mama, magari mengine yakazunguka kama kuku waliochinjwa. Letu liling'ang'ania udongo, likapita la kwanza. Mzungu akamvulia kofia mwanangu!

Mungu akulinde. Ukija, usikate kucha ya kidole gumba: mahindi yangu yanakungoja.

Nyanya yako