Mwaka wa Korona Unahesabiwa

Mtaa wa Waokaji 9,
Birkenzell, Msitu Mweusi,
Ujerumani.

11 Januari 2026

Mpendwa Kaka Lorenz,

Hamjambo huko Bergen? Mvua imewapa likizo walau siku moja tangu Krismasi, au mmeshaota magamba? Mguu wa wifi yangu Ingvild, ule alioutegua kwenye barafu, unaendeleaje? Mwambie asijitie ushujaa wa kuacha fimbo mapema. Na Lene wangu hajambo? Nimemkumbuka sana, yeye na maswali yake.

Huku sote tu wazima. Mama anasikia vizuri kwa sikio la kushoto, na kwa lile la kulia anasikia anachotaka. Shemeji yako Berthold anapuliza tarumbeta bafuni kila jioni kujiandaa na kanivali, na paka amehamia kwa jirani mpaka Kwaresima. Mimi nina mafua yangu ya kila Januari, lakini hayanizuii kula wala kusema, kwa hiyo hakuna aliyenionea huruma.

Theluji imefika madirishani. Mwoka mikate wa hapa mtaani kanunua gari jipya la umeme na siku ya pili tu likamzimikia katikati ya daraja. Maskini hajui kwamba vinyago vya kanivali, vinavyomtangazia kila mtu makosa yake ya mwaka, vimeshamwandikia. Mwaka jana kilinijia kimoja pale baa, kikaninong'oneza kwa sauti ya kubana pua, "Annerose, ukuta wa kanisa ulikukosea nini mpaka ukaurudia kinyumenyume na gari lako?" Baa nzima ilicheka. Mpaka leo sijajua alikuwa nani, ila namshuku padri.

Sasa kaa chini, kaka. Nakujua: ukiona neno kanivali tu unakunja barua. Usikunje. Nataka uje nyumbani mwezi ujao, siku tano tu, na nimeshaipanga safari yote kichwani.

Sirudii ya zamani ili kukuchoma. Narudia kwa sababu miaka minane tumeyazunguka kama shimo la barabarani. Mwaka 2018, Jumatatu ya kanivali, wewe ulikuwa ndani ya kinyago chetu, njuga zote mwilini, ukiruka na wenzako. Baba alikuwa mwenyekiti wa chama cha vinyago, ametangulia mbele na kofia yake ya manyoya. Mlipofika pembeni kwa mchinja nyama, Lene, miaka mitatu tu, akaliona lile domo la mbao na meno yake, akalia mpaka akakosa pumzi. Nawe ukainua kinyago, barabarani, mbele ya mji mzima, ukamwambia, "Ni baba, mwanangu. Ni baba tu."

Watu wa mbali wakisikia kisa hiki huuliza, sasa kosa liko wapi? Sisi hatuulizi. Hapa mtu anaweza kuanguka mtaroni amelewa, na kinyago kikabaki usoni. Baba mwenyewe alikisoma kifungu cha anayefunua uso, sauti haikumtetemeka: miaka saba bila kuvaa. Ukamwambia kama chama kina thamani kuliko mtoto wako, basi alale nacho. Ukaondoka, maandazi ya Mama bado ya moto mezani. Hujatukanyagia mlango tena.

Kuna jambo ambalo huenda hulijui, maana nyie wawili mkipigiana simu mnaongelea hali ya hewa tu. Mwaka uliofuata Baba alijiuzulu uenyekiti. Akajaza pamba ndani ya kinyago, kwa kuwa kichwa chake ni kidogo kuliko chako, akajifunga kilo kumi na tano za njuga akiwa na miaka sabini na moja, akaruka. Ameruka kila mwaka tangu hapo, isipokuwa ule wa korona. Ungemwona mwaka jana ungelia. Aliruka kama mtu anayepanda ngazi na meza kichwani.

Sasa magoti yote mawili yamekwisha. Daktari kamkataza, na safari hii Mama kaificha mishipi ya njuga mahali ambapo hata mimi sipajui. Na kanuni unaifahamu: kinyago kisipovaliwa na damu ya nyumba husika, kinarudi kabatini kwa chama na kupewa familia nyingine. Mimi nisingeshindwa kukivaa, lakini vinyago vya njuga bado ni vya wanaume. Hilo nitawapigania mwakani, wajiandae. Kwa mwaka huu umebaki wewe tu.

Basi Jumanne iliyopita, tarehe sita, ilikuwa siku ya kufuta vumbi. Tulikusanyika ukumbini kama kawaida, mavazi yametolewa makabatini, kila mtu na brashi yake. Mimi siku hizi ndiye katibu, nilikuwa na daftari la mkutano mapajani. Ikafika zamu ya kinyago chetu, cha kina Dold. Gebhard, ndiye mwenyekiti sasa, akakohoa, akasema adhabu yako bado haijaisha. Ilikuwa miaka saba ya kanivali, na mwaka 2021 hapakuwa na kanivali kwa ajili ya korona. Kwa hiyo imebaki mmoja. Urudi 2027.

Mwaka huu Baba hana magoti ya kuazima, na mwakani kinyago kitakuwa kimeshakwenda. Kalamu ilinikauka mkononi.

Hapo Baba akasimama. Unajua anavyosimama siku hizi, kwa awamu.

"Gebhard, mwaka ule wa korona wewe uliruka?"

"Sikuruka, Xaver. Nani aliruka?"

"Kwa hiyo na wewe ulikuwa umefungiwa? Ulimwonyesha nani sura yako?"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Gebhard akawa mwekundu mpaka masikioni. Baba hakucheka.

"Sote tulikaa ndani. Yule alikaa ndani mara mbili. Mwaka wa korona unahesabiwa."

Wakapiga kura. Mikono yote juu isipokuwa mmoja, na huyo unamfahamu, angepinga hata jua lisichomoze. Nimeandika kwenye daftari kwa herufi kubwa nikapigia mstari: umehesabiwa. Kaka, uko huru. Nilipofika nyumbani nilimbusu Berthold akiwa na tarumbeta mdomoni.

Njiani nilijaribu kumchokoza Baba. Nikamwambia, "Baba, leo umemtetea Lorenz." Akanijibu, "Nimetetea hesabu. Sijamtetea mtu." Ndiyo maana barua hii ni ya siri. Nikimuuliza waziwazi kama akualike, atakataa kwa mazoea tu. Ukija, hawezi kukufukuza, Mama atamfukuza yeye.

Mpango wenyewe ni huu. Mnapanda ndege Jumamosi tarehe 14 Februari mpaka Zurich, halafu treni. Nitawasubiri stesheni na gari lile lile lililogombana na kanisa. Mtalala kwetu, chumba cha juu, nimeshabadilisha mashuka. Jumapili mnapumzika na kula. Usinunue cha kuvaa, vazi nimelifua na kulitia viraka. Jumatatu saa nane mchana unaruka na wenzako. Jumanne tutakula mabaki. Jumatano ya Majivu, baada ya kanisani, mnaondoka na alama za majivu kwenye vipaji vya nyuso. Usipige simu nyumbani kwa Baba kabla hamjafika. Na usiniambie kuhusu kazi: boti za Bergen zitaelea bila wewe siku tano.

Ingvild naye nampa Alhamisi ya Mafuta, siku yetu ya kukaanga maandazi, ingawa kwa kuchelewa. Mama atamkaangia maandazi upya Jumapili, ayale mpaka asahau fimbo.

Lene ndiye aliyenipa ujasiri wa kuandika. Alinipigia siku ya Krismasi, umewahi kujua? Akaniuliza, "Shangazi, kile kinyago kilichoniliza bado kipo? Nataka kukiona. Baba aliikosa kanivali kwa ajili yangu, na mimi sikumbuki hata sura ya kinyago chenyewe." Ana miaka kumi na mmoja sasa, kaka. Anadhani yeye ndiye kosa. Nikajifanya simu inakatika. Hilo limeniuma kuliko magoti ya Baba. Njoo umwonyeshe mwenyewe.

Subiri kidogo, mlango unagongwa.

Nimerudi, na mwandiko ukiupata umepinda usinicheke. Alikuwa Baba. Kaja kwa miguu na fimbo, theluji mpaka magotini, na mimi karatasi hizi zimetapakaa meza nzima.

"Unamwandikia nani?"

"Ofisi ya kodi, Baba."

Akainama, akasoma juu. "Siku hizi ofisi ya kodi inaitwa Mpendwa Kaka?"

Yeye akavua glavu taratibu, akaingiza mkono mfukoni, akatoa uzi wake wa useremala, ule anaopimia miguu ya viti. Una fundo.

"Natoa pamba kwenye kinyago," akasema. "Mwambie auzungushe kichwani, juu ya nyusi. Nimekisia. Ukimbana, asogeze fundo aurudishe. Ila ajue kichwa kitakuwa kimevimba kwa kiburi, kama nilivyomwambia siku ile."

Nikamkaribisha chai, akakataa. Alipofika mlangoni akavaa tena glavu.

"Na mtoto? Bado anaogopa?"

Nikamwambia haogopi, ila anadhani yeye ndiye kosa. Kaka, sijawahi kumwona Baba na uso ule, hata tulipomzika Bibi.

"Siku ile nilikuwa hatua kumi tu kutoka kwake," akasema. "Sina kinyago, sina njuga, mikono mitupu. Ningembeba mimi, Lorenz angeendelea kuruka. Mwandikie mtoto kwamba Jumatatu nitakuwa na kiti changu pale kwa mchinja nyama. Atakaa na mimi."

Akaondoka. Nimelia kidogo, nimepenga kamasi, sasa naendelea. Siri imekwisha, kwa hiyo ukitaka kupiga simu, piga.

Nisalimie Ingvild na fimbo yake, na umbusu Lene mashavu yote mawili. Mama anakusalimu na kuuliza kama Norwei wanauza mafuta ya nguruwe ya maana. Berthold anakusalimu kwa tarumbeta. Hata Gebhard anakusalimu, kasema hana kinyongo na hesabu. Mungu awafungulie njia, aizuie theluji kwenye reli, na awalete salama.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye hata unaponuna,

Annerose

N.B. Uzi uko ndani ya bahasha, usiutupe ukidhani ni wa kufungia. Kofia yako ya zamani ya sufu bado imetundikwa nyuma ya mlango wangu, nikaona niujaribishe. Miaka minane Baba hajakugusa kichwa, lakini kipimo kimelingana: fundo limekaa pale pale.