Nilionyesha Viti Viwili, Kanisa Likaona Mshahara

Bibi Ozella mpendwa,

Gazetini nimewahi kuandika mara moja tu, kulalamikia mashimo ya barabara yetu, na mashimo yale bado yapo, kwa hiyo unaweza kukisia nina matumaini kiasi gani, lakini mambo yamenizidi na nyumbani nimekatazwa kuyagusa mezani kwa sababu mke wangu anasema kila nikianza hamu ya chakula inamtoka, basi nakuletea wewe uniambie la kufanya, na tafadhali jina langu usilitoe.

Mimi ni mwanamume wa makamo mwenye tumbo la kutosha na mkahawa mdogo wa kambare wa kukaanga hapa kaskazini mwa St. Louis, na Jumapili ni mhudumu wa mlangoni katika kanisa letu la Kibaptisti, yaani ndiye yule wa suti nyeusi na glavu nyeupe anayekuonyesha pa kukaa ukichelewa, na katika mambo machache ninayoyaweza duniani, hilo nalifanya vizuri. Ibada ikianza sisi wahudumu hatuongei, tunasema kwa mikono. Mkono nyuma ya mgongo maana yake niko zamu. Mkono juu na vidole viwili maana yake upande wangu kuna viti viwili vitupu, leta watu. Kila mhudumu anajua hivyo. Wasiojua ni waumini, na kumbe hata Mchungaji.

Sasa, tangu theluji iyeyuke, kanisa letu limeungana na sinagogi na msikiti na masista wa Kikatoliki kudai kima cha chini cha mshahara kipandishwe kifike dola kumi na tano kwa saa, na mimi sikupinga hata siku moja, mikutano yao yote kule ukumbi wa chini mimi ndiye niliyepanga viti na kupeleka chakula, ingawa dini ya rabi haimruhusu kula kambare na imamu hawezi kugusa mboga zangu za sukuma kwa sababu ya mguu wa nguruwe uliomo, basi wote wawili hunywa chai ya baridi na kunisifia barafu.

Jumapili iliyopita Mchungaji alihubiri habari za wale vibarua wa shamba la mizabibu, akapanda mpaka sauti ikaanza kuimba na kinanda kikamfuata, halafu akanyamaza ghafla, akauliza, "Nani humu ndani ameajiri watu, na yuko tayari kuwalipa kumi na tano kuanzia mwezi ujao, bila kungoja bunge limlazimishe? Nataka kuona mkono." Wakati huohuo, Bibi Ozella, mama mmoja na binti yake walikuwa wanaingia mlango wa pili, wa mhudumu mwenzangu Shemasi Lucius, na mimi upande wangu nilikuwa na viti viwili, na Mungu anajua sikuwa nasikiliza mahubiri, nilikuwa kazini. Nikanyoosha mkono. Glavu nyeupe inaonekana kutoka mbali.

"Namwona," akasema Mchungaji. "Kanisa, mnamwona ninayemwona?"

Kanisa zima likageuka. Mama mmoja wa safu ya mbele akasema, "Vidole viwili hivyo, Mchungaji. Huyo atalipa mara mbili."

Watu wakacheka, wakalia, wakapiga makofi, kinanda kikalipuka, na Shemasi Lucius kule ng'ambo akawa anatikisa kichwa polepole kama mtu anayetazama gari la rafiki yake likiteleza kwenye barafu, na mimi nikabaki na mkono juu, maana katika ishara zetu zote hakuna inayosema nimeeleweka vibaya.

Nina wafanyakazi wawili. Nitawaita Dada Pearl na Dada Opal wasijulikane, majina ya vito, ingawa ninachowalipa si cha vito. Dada Pearl ndiye mpishi wangu na yuko kwaya, na ibada ilipokwisha aliteremka na joho lake akanikumbatia mpaka glavu zikaloa machozi.

"Bosi, nisamehe," akasema. "Kila siku nakuita bahili."

"Unaniita bahili?"

"Jikoni. Husikii kwa sababu ya feni."

Jumatatu alikuja kazini akiimba. Lazima ujue kwamba akitoka kwangu jioni hupanda basi kwenda mjini kusafisha maofisi, na amefanya hivyo tangu mwanawe afariki na kumwachia wajukuu. Alikuwa anapaka kambare unga wa mahindi huku akiongea nami bila kuniangalia.

"Kule maofisini nimewaambia watafute mtu mwingine," akasema. "Ijumaa narudisha funguo. Nataka nile chakula cha jioni na wale watoto wangu tukiwa tumekaa, kama watu."

Mimi nikasema, "Vizuri sana, Dada Pearl." Hayo ndiyo yaliyotoka kinywani mwangu, Bibi Ozella, kisha nikaingia stoo nikasimama katikati ya magunia ya unga kama gunia jingine.

Si kwamba sitaki kumlipa, lakini kodi ya nyumba imepanda na mafuta yamepanda na kikaango changu kinakohoa kuliko mimi, na bei siwezi kuipandisha kwa sababu ng'ambo ya barabara kuna yule wa kuku anayelipa watu wake kidogo kuliko mimi na kuuza rahisi, na nusu ya wateja wangu ni wa kanisani wanaonunua kwa bei ya kanisa, mazishi kwa bei ya kanisa, mikutano kwa bei ya kanisa, na Jumatatu ijayo mabasi mawili yanakwenda Jefferson City kwenye bunge la jimbo na chakula cha safari nimeombwa mimi, kwa bei ya kanisa, na juu ya hayo nimepangwa kusema pale kwenye ngazi kati ya rabi na sista mmoja, kama mwajiri mwenye imani. Nikilipa naogopa nitafunga mlango na wote wawili wakose hata hicho kidogo. Nikisema ukweli nitakuwa nimempokonya Dada Pearl meza yake ya jioni kabla hajaikalia. Nikinyamaza, Ijumaa itafika. Mke wangu anasema niende kwa Mchungaji, Shemasi Lucius anasema nijifanye mgonjwa na ameahidi kuniletea supu ili watu waamini, na mimi silali, na jana nimeunguza kambare, jambo ambalo halijapata kutokea. Niambie, nifanyeje?

Ni mimi,
Mkono Juu

*

Ndugu yangu Mkono Juu,

Jina lako nimelificha kama ulivyotaka. Lakini umeniachia kambare, glavu, mguu wa nguruwe, na Shemasi Lucius kwa jina lake la ubatizo. Mahali pako pote napajua, na nikipajua mimi ninayeishi upande wa kusini, jirani zako wameshafika kwenye aya hii na wanapigiana simu. Gazeti linatoka Jumatano asubuhi. Dada Pearl anajua kusoma. Kwa hiyo kama unasoma haya na kahawa mkononi, weka kikombe chini umalizie ukiwa umesimama, maana huna muda mrefu wa kumtangulia.

Barua yako nimeirusha foleni, mbele ya barua ya mama mwenye wakwe wawili na ya kijana anayempenda mwalimu wake wa udereva. Wao watangoja. Funguo hazingoji.

Pole, kwanza. Nimecheka, sitakuficha, nimecheka mpaka mhariri akaja kuuliza kuna nini, lakini pole. Mtu kutamkiwa ahadi mbele ya kanisa zima na kinanda juu yake si jambo dogo, na Mchungaji wako angepaswa kujua mikono ya wahudumu wake kabla ya kuihesabu. La Jumapili si kosa lako.

La Jumatatu ni lako. "Vizuri sana, Dada Pearl." Hapo hapakuwa na kinanda, ndugu yangu. Mlikuwa wawili, na sahani ya unga. Mwanamke alikuambia anaacha kazi kwa ajili ya glavu yako, na wewe ukamsifu ukaenda kujificha stoo. Unaogopa kumpokonya meza ya jioni, nami nakuuliza: Ijumaa akirudisha funguo, na mwezi ujao mshahara ukabaki uleule, hiyo meza ataiwekea nini? Kila saa unayonyamaza unampunguzia njia za kurudi. Hofu yako ni ya aibu. Yake itakuwa ya kodi na viatu vya watoto.

Basi leo, watu wa mchana wakiisha, geuza kile kibao cha mlangoni kisomeke mmefunga. Waite wote wawili, Dada Opal pia, ambaye katika barua nzima hukumpa hata sentensi moja na naye ana tumbo la kulisha. Zima feni. Waambie mkono ulikuwa wa viti. Dada Pearl atanyamaza. Mwache anyamaze, usimjazie kimya chake na vichekesho vyako, najua vinakujia haraka. Kisha waonyeshe mkahawa unaingiza nini na unatoa nini, kama unavyomwonyesha mkeo. Funguo azirudishe au asizirudishe, aamue mwenyewe akiwa anajua.

Halafu nenda kwa Mchungaji, kesho, si Jumapili. Kuna maneno umeyapitia mbio kwenye barua yako kama mtu anayepita mbele ya mbwa: bei ya kanisa. Umeyasema tena na tena katika pumzi moja. Hilo punguzo, ndugu yangu, linatoka wapi? Wewe hujapungua, umesema mwenyewe kuhusu tumbo. Mwenye kambare hakupunguzii, mwenye nyumba hakupunguzii. Linatoka kwa Dada Pearl. Kila mazishi tunayokula vizuri kwa bei rahisi, yeye ndiye anayetoa rambirambi bila kuulizwa. Sasa watu wa mabasi mawili wanakwenda kudai mshahara wa haki huku magotini wamepakata chakula cha bei ya kanisa, na hakuna hata mmoja aliyeona tatizo, wala wewe uliyekipika. Mwambie Mchungaji hivi: nilipeni bei ya mkahawa, za mazishi zote na za mabasi, nami kila senti ya tofauti naiweka kwenye mishahara ya jikoni, waje waangalie. Rabi na imamu wawepo. Hao hawajala kitu chako, watahukumu bila upendeleo.

Hiyo itakufikisha kumi na tano? Sijui. Huenda ikakufikisha nusu ya njia. Popote itakapokufikisha, lipa hapo kuanzia mwezi ujao. Na hicho kilichobaki ndicho cha kwenda kusema Jefferson City. Nenda. Usiende kama shujaa. Simama pale kwenye ngazi useme mkono ulipanda kwa bahati mbaya, watacheka, waache wacheke, kisha sema nataka kulipa lakini peke yangu siwezi, kwa sababu wa ng'ambo ya barabara atanila. Tupandishieni wote siku moja. Wachungaji wamesema mengi mbele ya bunge lile, lakini mwenye kikaango kinachokohoa akisema hivyo, hata waliokuja kusinzia watafumbua macho. Shemasi Lucius mwambie ile supu ainywe yeye, kwa bei ya mkahawa.

Nimebakiwa na swali moja. Yule mama na binti yake, walipata kukaa? Hukusema. Ulipigiwa makofi ukasahau viti. Sasa leo vuta viti viwili palepale kwenye meza ya dirishani, uwaketishe Dada Pearl na Dada Opal, wewe ukiwa umesimama kama ulivyozoea, na ongea mpaka umalize. Ndipo ushushe mkono.

Bibi Ozella