Gari la Maharusi na Maji ya Kisima

Kismayo
Ijumaa, baada ya sala

Kwa mama yangu, Bi Mwanaesha, Chovae

Assalam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Mama yangu mpenzi, naomba barua hii ikukute umeketi kitako, mguu umeunyoosha mkekani na lile goti limepoa. Mimi mwanao Shee sijambo. Nakula, nalala, na kikohozi kilichokutia wasiwasi kimekwisha. Khadija, binti wa mwalimu wa chuo cha Kurani, ndiye atakayekusomea, nami namwomba asiruke mstari hata mmoja. Namjua, akifika penye aibu ya mtu hukohoa akapita. Hapa aibu ni yangu mwenyewe, na nimeruhusu isomwe.

Najua sanduku langu limekufikia. Mjomba Famau alilipakia mashuani kwa mikono yake, nami nikampa na maneno akuletee: kazi ya mjini imenishinda, nakuja na safari ifuatayo. Basi najua pia umeshatandika kitanda cha marehemu baba, na dada Fatuma kule Kudhaa ameshapelekewa habari. Mama, ngoja kidogo. Sanduku usilifungue. Na kama umelifungua, nguo zirudishe kama zilivyokuwa, nami nikueleze yote. Ningekupigia simu, lakini nasikia simu ya Khadija imetumbukia kisimani, na ya Mjomba hupata mtandao akiwa katikati ya bahari tu, mahali ambapo wewe hupatikani.

Unakumbuka tulivyoagana. Nikipata kazi ya kudumu na chumba cha kukaa, utakuja tuishi pamoja. Nikikosa, mwisho wangu ni mwaka huu, narudi Chovae nishike nafasi ya baba kwenye mashua ya Mjomba. Wewe uliendelea kusuka ukili wako. Lakini nilikuona ulivyohesabu miezi kwa vidole, ukidhani sitazami.

Sasa sikiliza. Kuna gari moja hapa mjini, jeupe, refu, la kizamani, nadhani limenizidi umri. Mwenyewe ni Bi Shukri, mama anayepamba maharusi. Akishampamba bibi harusi kwa hina na wanja, humtia ndani ya gari hilo, vioo juu, pazia chini, chetezo cha udi kimepita kila kiti, mtu asimwone mpaka afike kwa mumewe. Unajua jua letu. Bila mtambo wa baridi, mle ndani ni tanuri. Na baridi ya gari hilo ilikuwa haikai. Kila likitiwa gesi hupoa siku nne, tano, halafu linapuliza hewa ya moto kama mtu mwenye homa. Harusi mbili mfululizo bibi harusi aliteremka wanja umemfika mashavuni. Ya pili, mama mkwe alimtazama akauliza kama ni yule yule waliyemposa.

Bi Shukri akaja gerejini na moto wake. Fundi Warsame, bosi wangu, alikuwa ameshalitia gesi mara mbili, na hakutaka mara ya tatu. Akaniita mbele ya watu wote.

"Waryaa, Shee," akasema, "miaka miwili unaniambia umejua kazi ya baridi. Haya. Gesi inatoka mahali. Patafute. Likikaa baridi siku kumi, chumba cha nyuma ni chako na kazi ni yako. Lisipokaa, mimi na wewe tusameheane."

Mama, nilifurahi. Kutafuta panapovuja nakujua. Gesi ile hutembea na mafuta kidogo, kwa hiyo inapopenya huacha alama ya mafuta, na vumbi huganda hapo. Ila katika gari kongwe kama lile kila kitu kina mafuta na kila kitu kina vumbi, macho peke yake hayakusaidii. Basi unafunga mtungi wa hewa kavu, unaijaza mifereji yote ya mtambo kwa nguvu, halafu unapaka povu la sabuni kila kiungo. Panapovuja, povu linatoa mapovu makubwa. Kazi yenyewe ni hiyo tu, mtoto anaweza.

Mama muuza chai wa nje ya gereji akanikatia kipande cha sabuni yake ya mche. Nikateka maji kisima cha gereji, nikakoroga, nikapaka kwa brashi kiungo baada ya kiungo, toka mbele ya rejeta mpaka kwenye ukuta wa injini. Mshale wa geji ulikuwa unashuka polepole mbele ya macho yangu, yaani hewa inatoka kweli. Lakini povu sikuliona. Nikarudia mara ya pili. Sikuona kitu.

Nikajiamini kupita kiasi. Nikamwendea Fundi nikamwambia, kwa sauti ya mtu aliyesoma, kwamba nje hakuna tatizo, panapovuja ni ndani kabisa, kwenye kile kipozeo kilichofichwa nyuma ya dashibodi. Akaniuliza, "Una hakika?" Nikasema ninayo.

Kukifikia kile kitu ni kulivunja gari. Siku nzima tulikuwa watu watatu tunang'oa. Usukani ukatoka, redio ikatoka, nyaya zikamwagika kama utumbo wa pweza. Ndani tulikuta pini za shungi za maharusi sijui wangapi, na sarafu za enzi ambazo hata Fundi alizikumbuka kwa shida. Tukakitoa kipozeo, tukakizamisha kwenye karai la maji na kukijaza hewa. Hakikutoa hata kiputo kimoja. Kilikuwa kizima kuliko mimi.

Fundi hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alifuta mikono, akasema, "Lirudishe kama lilivyokuwa," akaenda kuketi na mgongo wake kwangu. Nilipomaliza kurudisha kesho yake, skrubu tatu zilibaki mkononi, sikujua za wapi. Nikazitia mfukoni nikaona nimekwisha.

Alasiri hiyo hiyo Mjomba alikuwa anaondoka. Ndipo nikafungasha sanduku. Nilikuwa na haya ya kurudi nalo mwenyewe nikiwa nalibeba kichwani, watu wa Chovae wote wamesimama ufukweni wakihesabu nilichorudi nacho. Nikaona bora litangulie. Mjomba alilipokea, akanitazama vizuri.

"Mchu atakimbia kazi kwa gari moya?" akaniuliza.

"Si kwa gari, Mjomba," nikamwambia. "Nimesema nina hakika, na sikuwa nayo."

Akalifunga sanduku kwa kamba karibu na tangi la mafuta, wakaondoka.

Kesho yake asubuhi nilikwenda gerejini kukusanya vifaa vyangu vidogo vidogo na kumuaga Fundi kwa adabu. Alikuwa hajafika. Nikaketi kwa mama muuza chai, kikombe mkononi. Yeye alikuwa anaosha vikombe vyake. Nikaona karai lake, Mama, povu limepanda mpaka viwiko, jeupe, zito, linamwagika chini.

"Umepata wapi sabuni nzuri hivyo?" nikamuuliza.

Akacheka. "Wewe kijana una nini? Si mche ule ule niliokukatia siku ile?"

"Na maji?"

"Maji ya punda, yale ya kununua. Maji matamu. Ningeosha vikombe kwa maji ya kisima chenu kile cha chumvi, nani angekunywa chai yangu?"

Kikombe nilikiweka chini. Mama, hapo nilikusikia wewe. Nilikusikia kabisa, kama uko nyuma yangu, siku za Alhamisi ukinituma kufua kanzu ya baba ya Ijumaa: "Shee, mai ya kisima hayatoi povu. Kateke ya mvua, kata moya tu, usinimalizie pipa." Kila Alhamisi, miaka yote ya utoto wangu, maneno ni hayo hayo, na pipa lenyewe umelifunika na ubao na jiwe juu.

Fundi mwingine yeyote wa mjini angeshtuka mara moja. Angeona sabuni haitoi povu, angetupa yale maji akatafuta mengine. Mimi nimekulia Chovae. Nimeoga maji ya chumvi tangu nizaliwe, sabuni naisugua mwilini inateleza tu kama kipande cha jibini, na sioni ajabu. Nilikoroga yale maji, hayakutoa povu hata kidogo, na mimi nikaona ndiyo kawaida ya sabuni. Kumbe nilikuwa napaka maji machafu tu kwenye mabomba, nasubiri yaniambie kitu. Nilicheka peke yangu mpaka yule mama akasogeza karai lake mbali.

Nikamwomba kopo moja la maji matamu. Nikakoroga, povu likaja. Nikaujaza mtambo hewa, nikaanza upya kupaka. Kiungo cha kwanza hakuna, cha pili hakuna. Nikafika chini ya kompresa, mahali ambapo bomba limebanwa kwa kishikizo cha chuma, na fundi fulani wa zamani alikuwa ameliviringishia kitambaa. Nikakikata kitambaa, nikapaka. Mama, lilitoka povu moja, likavimba polepole kama shavu la mtoto anayepuliza, likapasuka. Likaja jingine mahali pale pale. Chuma kile kimelisugua bomba miaka nenda miaka rudi mpaka limetoboka tundu dogo ambamo sindano ya kushonea kofia isingepita.

Nilikaa chini kwenye mchanga na nikalia. Naandika ujue, na Khadija asikohoe.

Fundi alipofika hakunikuta naaga, alinikuta chini ya gari miguu nje. Nilimwonyesha. Nikamweleza na lile la maji, sikuficha, ingawa nilijua atacheka. Alicheka kweli, akawaita wengine waje wasikie, na mpaka leo nikipita wananiuliza kama nimeteka maji. Lakini alipomaliza kucheka aliinama akalitazama lile tundu muda mrefu. Akasema, "Mimi nimelipita hili mara mbili." Halafu akanipa spana yake mwenyewe, ile asiyomwazima mtu.

Tukalitoa bomba, mchomeaji akaliziba, tukabadilisha mipira yote ya viungo na kile kichujio cha unyevu. Kishikizo nikakivika mpira ili kisisugue tena. Tukaivuta nje hewa yote ya ndani kwa pampu, tukaliacha mpaka kesho yake, na mshale wa geji haukusogea hata unywele. Ndipo tukatia gesi. Zile skrubu tatu nazo nilizipatia mahali pake, zilikuwa za redio.

Halafu zikaja siku kumi, na hizo ndizo zilizonikondesha. Kila asubuhi nilikwenda nyumbani kwa Bi Shukri kabla ya kazi, nikaomba kuwasha gari, nikaweka mkono mbele ya tundu la hewa. Siku ya nne baridi. Ya tano, ile siku ambayo gesi hukimbia kila mara, nilisimama mlangoni kwake nikashindwa kubisha, mpaka yeye mwenyewe akanifungulia akasema nimekuwa kama mposaji. Nikaweka mkono. Baridi, Mama. Baridi tele.

Jana Alhamisi zilitimia kumi, na gari lilikuwa na harusi. Adhuhuri Bi Shukri akaingia gerejini kwa kishindo, buibui linapepea, anapiga kelele toka mlangoni: "Nani amenigandishia bibi harusi? Mtoto wa watu ameomba shali! Mchana huu, Kismayo hii, ameomba shali!" Gereji nzima ikaangua kicheko. Fundi Warsame akaja akanishika bega, akanitia ufunguo wa chumba mkononi.

Chumba si kikubwa. Kina dirisha moja linalotazama ua, mlango unafunga vizuri, na jirani ni huyo mama muuza chai, ambaye ameshaniuliza utakuja lini kwa sababu anataka kumwona mwenye pipa. Najua jibu lako la siku zote: "Siyi mimi mahali pa kununua mai kwa punda." Mama, paa la chumba ni bati. Jana jioni nilipanda juu, nimefunga mfereji toka pembe mpaka pembe, na chini yake nimetega pipa. Nimelisugua mara tatu kwa mchanga, na juu lina ubao na jiwe, kama lako. Mvua ya kwanza itakayolijaza sitaki niione peke yangu.

Kwa hiyo Mjomba akirudi huku na sanduku langu, lisije peke yake. Njoo nalo.

Nisalimie dada Fatuma na mumewe mshona nyavu, umwambie shemeji nafasi yangu mashuani aichukue yeye akipenda. Nisalimie mkewe Mjomba aliyenifunda kupika wali, mwalimu wa chuo aliyenichapa kwa haki, na jirani yetu wa upande wa msikiti ambaye chungu chake bado kiko kwetu. Khadija naye, mshukuru kwa macho yake, na mwambie simu haifui wala haiogi.

Uniombee dua, nami nakuombea. Mungu akulaze salama na akuamshe salama mpaka tuonane.

Mwanao,
Shee

Sanduku lina nafasi upande wa kulia, chini ya kanzu. Nimepima kwa kichwa, kata yako ya kuchotea maji itaingia.