Habari ya Mwisho ya Furaha

Alhamisi, usiku

Hata chai imenishinda.

Leo Furaha, mtangazaji wetu wa habari za Kiswahili, alikuwa hewani, nami nyuma ya kamera. Akaanza kusoma habari ya mwisho: "Kuanzia kesho, kituo hiki kitarusha vipindi vya kituo kikuu pekee. Taarifa hii ya Kiswahili..." Akainua macho kutoka kwenye karatasi. Hakuna aliyekuwa ametuambia! Alikuwa anatangaza kufukuzwa kazi kwake mwenyewe.

Mimi na Furaha tulianzia kituo hiki kidogo katika karakana kuukuu kule mtaa wa Jeppestown, mablanketi ukutani kuzuia kelele. Siku tulipojiunga na kituo kikuu, kile kikubwa cha taifa, tulishangilia, maana tulipewa kamera mpya. Kisha vipindi vyao vikazidi, vyetu vikapungua. Lakini habari? Sikudhani wangezigusa.

Furaha alinitazama. Nikamnong'oneza, "Malizia tu, dada."

"Eish," akasema, watu wote wakimsikia. "Ndugu zangu watazamaji wa mtaa wa Yeoville, na mimi nimejua sasa hivi kama nyinyi. Asanteni kwa kutufungulia milango yenu."

Bosi wetu, pembeni ya studio, akaniashiria nizime kamera. Sikuzima. Niliiacha mpaka Furaha alipomaliza kuaga.

Kesho sijui tutaamkia kazi gani.