Mkono Wako Ulioko Mlimani

Kijiji cha Narung'ombe,
Ruangwa, Lindi.
Jumapili, 29 Desemba 2024

Mpendwa Shangazi Mwanamvua,

Assalaam alaykum. Shikamoo, Shangazi. Hujambo huko Tanga, wewe na Mjomba Sadiki na watoto? Mgongo wako je, umepata nafuu? Sisi huku tunaamka, tunashukuru, ila tumechoka sana. Korosho za mwisho zimechelewa kudondoka na mvua imeshaanza, kwa hiyo tunakimbizana nayo kila siku kuanika na kuanua. Baba anakohoa kidogo. Bibi Fatu yupo. Anakula vijiko viwili vitatu, halafu anasukuma sahani.

Utashangaa kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Simu ya Baba lazima iwekwe sauti ya juu ili Bibi asikie, na wote wanakuja kukaa pale, hata majirani. Mimi mbele ya watu maneno hukwama. Na hili ninalotaka kukuambia si la kusikiwa na kila mtu. Barua atakuletea mama yake Doreen, jirani yetu, anarudi huko Tanga wiki hii.

Mtihani wa kidato cha nne nilimaliza mwezi uliopita. Matokeo bado. Sikukaa hata siku tatu, nikapata kibarua mlimani Namichenje, kwenye yale mapango. Walikuja wataalamu wanne wa mambo ya kale kuchimba, mkubwa wao anaitwa Fortunatus. Kazi yangu ilikuwa kupandisha maji, ndoo mbili kwa siku, kisha kuandika kwenye daftari kila kinachotoka ardhini, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Saa nzima ya kupanda, Shangazi. Wiki mbili zimepita tangu kazi iishe, na magoti bado yananiuma nikichuchumaa.

Mambo ya mle ndani ni ya ajabu. Chini kabisa walitoa mawe yaliyochongwa makali ya kukatia, vigae vya vyungu na mifupa ya wanyama iliyoungua. Fortunatus alisema mengine ni ya miaka elfu nyingi. Juu ukutani kuna ile michoro myekundu ambayo hakuna mtu anayejua nani aliichora. Mama Zena, aliyekuwa anatupikia, alisema ni kazi ya wale watu wafupi wa zamani. Ukikutana nao walikuwa wanauliza, "Umeniona ukiwa wapi?" Ukijibu "hapa hapa," wanakasirika kwamba umewadharau kwa ufupi wao. Sharti useme, "Nimekuona tangu kule mbali." Wataalamu walicheka, lakini nilimwona mmoja akiandika.

Sasa ndipo penyewe. Kwenye pango la pili, chini ya ile michoro myekundu, kuna mikono ya rangi nyeupe. Midogo midogo, kama kumi na moja. Mmoja ni wa kushoto na kidole chake cha mwisho kimeishia katikati. Fortunatus alituita tuutazame. Akasema huko nchi nyingine imeonekana mikono kama hiyo, na huenda watu wa kale walikata vidole kwa ajili ya matambiko. Akaniambia niandike hivyo.

Shangazi, mimi nilisimama nikautazama. Kidole cha shahada kimepinda kwa nje. Mkono ule ndio ulionichana nywele mpaka nikafika miaka saba. Nilitaka kusema. Nikaandika, "Mkono mmoja, kidole kimekatwa."

Mama Zena aliniona. Akasema, "Tunu huyu hata kuku akimdonoa anaomba samahani. Una nini?" Nikasema sina kitu.

Jioni nilimwambia Bibi tukiwa wawili. Alicheka mpaka akapaliwa. "Matambiko! Panga la kuchanja kuni lile! Mwanangu amekuwa mtu wa kale!" Halafu akafuta macho kwa khanga. Akasema polepole, "Kweli amekuwa wa kale. Miaka tisa sijamwona."

Ndipo akanieleza kwamba ile mikono ni yenu, siku mlipotolewa unyago, na kwamba mwaka uliofuata hawakuwapeleka wasichana tena kule. Mengine hakuniambia nami sikuuliza. Nilimwomba ruhusa nimweleze Fortunatus. Akakataa. "Hayo hatuwaelezi wanaume. Na mkono si wangu wala si wako. Mwenyewe yupo hai, aje aseme."

Juzi akataka kupelekwa kuuona. Baba alimpakia kwenye pikipiki mpaka chini ya mlima, kisha tukamshika huku na huku. Alifika kwenye jiwe kubwa la kwanza, akakaa. Hakuweza tena. Akaniambia, "Panda wewe." Nikapanda peke yangu. Tumekatazwa kugusa ukuta, kwa hiyo nilipima kwa unyasi bila kugusa, nikauchora mkono wako kwenye karatasi ya daftari. Nilipoteremka, Bibi akaweka kiganja chake juu ya karatasi. Macho yake sasa yanaona ukungu tu, lakini alifuata mstari kwa kidole mpaka alipofika pale kilipokatika. Akasema, "Ulikuwa mdogo hivi." Basi. Nilitaka kukutumia karatasi hiyo humu ndani, amekataa. Ipo kwenye sanduku lake, chini ya sanda aliyojiwekea.

Fortunatus atarudi mwisho wa Januari. Wataweka uzio wa waya na kibao cha maelezo, na kwenye kibao wataandika yale niliyoyaandika mimi kwenye daftari. Silali vizuri kwa jambo hili. Kusema siwezi mpaka wewe uruhusu, na kunyamaza kumenichosha kuliko zile ndoo.

Sijui mliachana kwa maneno gani na Baba kwenye matanga ya Babu. Nilikuwa mtoto. Jana nilimwambia ninakuandikia, nikaogopa atakavyojibu. Alikuwa anafunga gunia. Akasema, "Mwambie njia ni ile ile." Akaendelea kufunga, lakini lile gunia alilifunga mara mbili.

Njoo kabla ya uzio, Shangazi. Usisubiri kutafuta zawadi. Ukitaka wataalamu wajue, nitakupandisha mimi na utasema mwenyewe. Usipotaka, nitamwomba Fortunatus aufute ule mstari wangu wa daftarini, na nitamwomba kwa sauti, hata mbele ya watu.

Wanakusalimu Baba, Mama, Mama Zena, na Lusiana mliyetolewa naye. Anasema mkono wake ni ule wa pembeni kabisa. Mola akulinde njiani na nyumbani.

Bibi siku hizi anakaa mlangoni tangu asubuhi, ameelekea barabara ya Nachingwea, ingawa haoni hata mbuzi akipita mbele yake. Nilimuuliza, "Bibi, Shangazi akija utamjuaje?" Akasema, "Akiniuliza nimemwona nikiwa wapi, nitamwambia tangu kule mbali."

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye na kukungoja,

Tunu