Kibali cha Mkweo

Baba,

Assalamu alaikum. Nakuandikia nimekaa jikoni kwenye kigoda cha Mama, kwa sababu huku hakuna mtu wa kuniuliza nimeamkaje. Nimechoka kuulizwa. Mama yumo ndani na nguo zake nyeupe, eda yake bado. Hajambo. Ukimwekea chakula anakula, usipomwekea hakumbuki. Na mimi ni hivyo hivyo. Watu wananisifu eti nimejikaza. Sijajikaza chochote, Baba. Nimekufa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Nina habari ya mkweo Momade. Lile ombi la kibali chake cha kuishi hapa nchini, ulilotusindikiza wewe mwenyewe kulipeleka ofisi ya uhamiaji, umevaa koti kwenye jua lile, limejibiwa. Ngoja nianzie mwanzo, maana ulikuwa hupendi habari inayoanzia mkiani.

Tulikuzika baada ya adhuhuri. Ndugu zako walipofika kutoka kwenu Nandagala, Ruangwa, walimkuta mkweo yumo shimoni anachimba. Alikuwa mmoja wa waliokuosha, na akashuka kaburini kukupokea. Siku ile hakuna aliyemwita mtu wa Msumbiji. Mimi nikahamia chumbani kwa Mama, kama inavyotakiwa, yeye akalala barazani na wanaume. Matanga yakaisha, wanaume wakatawanyika, mimi nikabaki kwa Mama. Ningemwachaje peke yake kwenye kitanda kile? Momade akarudi kwenye kijumba chetu cha uani. Kila asubuhi anapita kusalimia, anachukua jembe, anakwenda kupalilia ufuta.

Ndipo wakaja maafisa wawili kutazama kama ndoa yetu ni ndoa kweli. Nisiwasingizie, hawakuwa na ubaya. Yule mkubwa ni kijana mstaarabu, alivua viatu mlangoni, lakini kwao ni mbali, huko Kanda ya Ziwa. Akauliza nyumba ni ya nani. Nikasema ya Mama. Shamba? La Mama. Mikorosho? Ya Mama. Na mume wako ana nini hapa? Nikasema hana kitu.

Kwani uongo? Hata wewe hukuwa na kitu hapa. Ulitoka Ruangwa na jembe na suruali moja, tena ulikuwa unajitapa kila mgeni akija: "Mimi Nachingwea hapa niliolewa!" Watu wanacheka mpaka chai inawapalia. Kwetu mwanaume ndiye anayehamia kwa mkewe, nani asiyejua? Basi afisa yule hakujua. Kwao mwanamke ndiye anayefungasha, na mwanaume mgeni asiye na hata kuku, anayekaa kwa wakwe, anatia shaka.

Akamuuliza jirani yetu Bi Fatu, huyu bwana hapa anafanya kazi gani. Bi Fatu akajibu kwa moyo mweupe kabisa, "Anamlimia mkwewe." Sifa hiyo, Baba! Kijijini kwetu mkwe atasifiwa nini zaidi? Yule kijana akaandika. Najua alichoandika: kibarua. Halafu akanigeukia, mnalala chumba gani? Nikamwambia mimi nalala kwa Mama. Tangu lini? Tangu msiba. Na utarudi lini kwa mumeo? Nikasema sijui.

Nilijibu nilichoulizwa. Ungekuwapo ungemkalisha, ungemmiminia ile chai yako ya tangawizi inayounguza koo, ungemweleza mambo yetu sisi Wamwera mpaka aombe ruhusa ya kuondoka. Mimi nguvu ya kueleza sikuwa nayo.

Tukaitwa ofisini, kila mtu na chumba chake. Akaniuliza mume wangu anapenda chakula gani. Nikasema anakula chochote. Kitu gani kinamkera? Sijui. Na wallahi najua! Anapenda kisamvu cha karanga, kizito, kama cha mama yake. Anakerwa na mlango unaogongwagongwa na upepo, atainuka hata kama ana homa akauwekee jiwe. Haya yote yalinijia nikiwa nje, nimeshikilia nguzo. Mle ndani kichwa kilikuwa kitupu. Yule kijana akaweka kalamu chini, akasema polepole, "Dada, mbona unamzungumzia mumeo kama mtu uliyekutana naye stendi?"

Ningemwambia nini? Kwamba hata wewe siku hizi nakuzungumzia hivyo hivyo? Kila anayekuja kuhani nimemsimulia ulivyokufa, ulivyoomba maji, ulivyogeukia ukutani, mpaka maneno yenyewe nayasikia kama ya redioni. Momade, kumbe, alipoulizwa habari zako alilia mpaka wakampa maji. Nilimwonea wivu.

Jibu limekuja juzi. Hawakuridhika kwamba tunaishi kama mume na mke. Mkweo anatakiwa atoke kabla kibali cha muda alichonacho hakijaisha, kisha aombe upya akiwa kwao. Yule kijana hakutufokea, hata kidogo. Alisema tukiomba tena tuje na mzee wa upande wangu anayeijua ndoa vizuri, atoe maelezo. Mzee! Nikamwambia mzee huyo nimemzika. Akasema, "Pole sana, dada." Nikasema ahsante.

Nyumbani Momade akaanza kutoa nguo zake kwenye kamba, moja moja, anazikunja vizuri. Akasema, "Wewe baki na Mama. Mimi nitarudi." Amesema kwa upole wake ule ule. Na mimi, Baba, nikapandwa na hasira. Kitu cha kwanza nilichokisikia tangu ufe ni hasira, nikaikaribisha kama mgeni. Nikamnyang'anya shati. Nikamwambia huendi peke yako, na ukinijibu nitakupiga. Hakujibu.

Nilidhani Mama hakusikia. Kumbe kasikia vyote. Akaniita dirishani, akasema, "Nenda naye. Mama mdogo wako Hadija atakuja kulala hapa." Nikamwambia, na kaburi la Baba je? Mama akanitazama kama alivyokuwa akinitazama nikivunja sahani. "Baba yako aliacha kaburi la mama yake huko Ruangwa akanifuata mimi. Kwani lilihama?"

Basi keshokutwa tunapanda gari la Masasi, tunateremka mpaka darajani, tunavuka Ruvuma. Sijui mwanamke mwingine wa ukoo wa Mama aliyewahi kumfuata mume kwao. Dada zako watasema, wacha waseme. Naogopa, Baba. Lugha yao naisikia nusu nusu, mkwe wangu nimemwona mara moja tu. Lakini nakuahidi, nitamlimia vizuri. Chakula chao sitakitia kasoro. Tutaomba upya tukiwa huko, na tukikataliwa tutaomba tena, na siku ya kupewa tutarudi wote wawili, asitangulie mmoja. Mama akitoka eda atakuwa anakufyekea majani kaburini. Amesema mwenyewe, sikumwomba.

Limebaki moja. Siku ya nikahi, kabla sheikh hajaanza, uliingia chumbani kuniuliza kama nimemridhia Momade. Nikainamisha kichwa, sikusema neno. Ukasubiri kidogo, ukatoka, nikakusikia unawaambia wanaume kwamba kimya changu kinatosha, binti amekubali.

Jana nilikuja makaburini. Nilikwambia kwa sauti kwamba naondoka na mkweo, nikakuuliza kama umeniridhia. Nikasubiri mpaka jua likazama.

Hukusema neno, Baba. Mizigo nimeshafunga.

Mwanao,
Somoe