Kwa Thurman Stallard, na Misumari Yake Ukutani

Mpendwa wetu Thurman,

Mwaka umetimia wiki hii tangu ulipoacha mlango wa karakana wazi, ukasema unakwenda kunyoosha mgongo kidogo kabla ya chakula, na hukuamka tena. Tangu siku hiyo tunasikia mluzi wako mahali ambapo haupo. Mkeo Oleta bado huweka bilauri mbili za mtindi mezani, kisha huondoa moja.

Katika bilauri hiyo ulikuwa ukivunjavunja mkate wa mahindi, ukaula kwa kijiko, umesimama, macho yako dirishani kwenye mlima. Mikono yako ilinukia nta na mafuta ya ng'ombe, hata Jumapili kanisani. Tungetoa mengi ili tuisikie harufu hiyo tena.

Mtu akikuletea gobore lililomshinda, hukumcheka. Ulilipokea kama mgonjwa. Ulishindilia mdeki, ule ufito mrefu wa kusukumia risasi, wenye kitambaa cha kubana mpaka chini, kisha ukauvuta taratibu, ukitazama unavyojizungusha kwa kufuata mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu. Mwenye gobore akianza kueleza anataka lipige vipi, ulimnyamazisha kwa kidole. "Wewe ngoja," ulisema. "Kwanza tumuulize mwenyewe."

Mjukuu wako Delaney ulimfundisha kuuliza hivyo. Mtutu ambao msokoto wa mifereji yake ni wa taratibu unataka risasi ya mviringo iliyofungwa kitambaa chenye mafuta. Wenye msokoto wa haraka unataka risasi ndefu na nzito, kwa sababu kitu kirefu kisipozungushwa upesi hupinduka njiani. Siku aliporudi na shahada yake ulimpa gobore na kalibu mbili za kumiminia risasi achague, naye akachagua vibaya. Ulicheka mpaka kofia ikakuanguka. "Miaka minne chuo kikuu," ulimwambia, "na bado unamvisha mtoto viatu vya baba yake."

Sasa tuna jambo la kukuomba radhi. Tumeona tuliseme hapa, majirani wakisoma, kwa kuwa mbele yao ndipo ulipokosewa.

Ulituachia magobore mawili yaliyokamilika, yenye midomo ya upana mmoja. Moja lilikuwa la nyumbani. La pili lilikuwa la rafiki yako wa miaka hamsini, Hobart Mullins, nalo lilikuwa na jina lako limepigwa mhuri juu ya mtutu. Kila mtutu uliutundika kwenye msumari wake, na chini yake, kwenye msumari uleule, ukatundika kalibu uliyouchongea wewe mwenyewe. Hukuandika mahali popote ipi ni ya upi. Uandike ya nini, na msumari upo?

Majira ya baridi Delaney alishindwa kukaa na majonzi yake mikono mitupu. Aliingia karakanani akafagia, akafuta kutu, akapaka mafuta. Kalibu zote alizishusha ukutani, akazipanga katika makopo ya biskuti kwa upana wa mdomo wa mtutu, na juu ya kila kopo akabandika karatasi yenye mwandiko mzuri. Alidhani anakutunza. Kitu kimoja tu hakukigusa, yaani upawa wako pale kando ya jiko. Madini ya risasi uliyokuwa umeyayeyusha siku ile yalikuwa yamegandia humo, yamejikunja juu kama utando wa maziwa. Oleta alikuwa amekataza mtu yeyote asiuguse.

Hobart alipokuja kuchukua gobore lake, Delaney alisoma karatasi, akampa kalibu inayolingana na mdomo.

Risasi ziliingia bila taabu. Zilipotoka ndipo mambo yalipoharibika. Kwa hatua hamsini tu, matundu kwenye ubao yalikuwa marefu, kama vile risasi imejibamiza kwa ubavu. Hobart alibadilisha kiasi cha baruti, akabadilisha mafuta, akabadilisha hata miwani. Kufikia majira ya joto alikuwa akisema dukani kwamba gobore lako linarusha risasi kama mtu anayetupa vijiko.

Kisha alikuja barazani kwetu, kofia mkononi. Alimweleza Oleta kwamba kuna fundi ng'ambo ya mlima atakayeuchonga mtutu upya kabla ya shindano la Oktoba. Na kwa kuwa hautakuwa tena kazi yako, jina litasuguliwa kwa tupa.

"Shemeji, mzee alikuwa amechoka," alisema kwa upole. "Macho yalishamwacha. Si aibu."

"Macho yake yalitosha kukuona ukivusha mguu mstarini kila Oktoba," Oleta alimjibu.

Hobart alicheka, akaenda zake. Ndipo Oleta akatugeukia, akauliza polepole: "Au kweli alikuwa amechoka, na mimi sikuona?"

Hakuna aliyemjibu, Thurman. Hilo ndilo linalotuuma. Mwanao Garnet alitazama viatu vyake. Sote tuliamini kidogo, kila mtu kwa wakati wake. Delaney aliumia kuliko wote. Alikuwa amekaa nawe karakanani majira yako ya mwisho, na alijilaumu kwamba mkono wako ulilegea mbele ya macho yake asitambue.

Septemba, Oleta aliingia karakanani kwa mara ya kwanza tangu ututoke. Alisimama mlangoni kitambo, akiutazama ukuta.

"Kalibu zake ziko wapi?"

"Kwenye makopo, Bibi. Nilizipanga."

"Kwa nini ulizitoa misumarini?"

Delaney aliitazama misumari mitupu, ndipo akaelewa. Alichukua mdeki, akashuka mbio mpaka kwa Hobart, akamwomba gobore kabla halijapelekwa kwa fundi. Alishindilia kitambaa mpaka chini, akafunga uzi kwenye mdeki kama alama, akavuta, Hobart akisimama juu yake. Nusu mzunguko kwa inchi thelathini na tatu. Msokoto wa taratibu kabisa, ulio sawasawa tangu chini mpaka juu, bila mkwaruzo. Mtutu huo ulikuwa ukiomba risasi ya mviringo, na kalibu aliyompa ilikuwa ya risasi ndefu.

"Ni mimi, Babu Hobart," alisema. "Si yeye. Mimi ndiye niliyekupa viatu vya baba."

Hobart alikaa kwenye ngazi. Alilipapasa jina lako kwa kidole gumba muda mrefu.

"Na mimi nilitaka kulisugua," alisema.

Kalibu yenyewe tuliipata katika kopo lilelile. Garnet alikwenda kutafuta risasi ya kuyeyusha, lakini Oleta alikuwa ameshauchukua upawa wako na kuuweka motoni. Tulimtazama sote, tukaogopa. "Thurman alikuwa anayeyusha," alisema. "Hakuwa anatunza." Risasi za kwanza zilitoka na mikunjo kwa sababu kalibu ilikuwa baridi, zikarudishwa motoni kama ulivyozoea kuzirudisha. Baada ya hapo zikatoka saba, laini, zinang'aa.

Jumamosi iliyopita, shindanoni, Hobart alisimama, miguu yake yote miwili nyuma ya mstari. Alipiga tatu. Kiganja cha Oleta kiliyafunika matundu yote matatu, na yalikuwa ya duara.

Unajua zawadi za shindano letu: miguu minne ya ng'ombe, ngozi na mafuta yake, na mwisho kabisa risasi zote zilizozama katika gogo la nyuma ya shabaha, zile ulizokuwa ukizitaka wewe peke yako kila mwaka. Hobart, kwa kuwa alishinda, alikuwa wa kwanza kuchagua. Aliupita mguu wa nyuma, akaupita wa mbele, akaweka mkono juu ya gogo. Watu walimcheka, wakamuuliza kama nyama imemshinda meno. Alilipakia garini, akalileta nyumbani kwako.

Garnet na Delaney walilipasua kwa shoka. Tuliyeyusha risasi tulizozipata, tukazimimina katika upawa wako, tukauacha upoe pale ulipokuwa kando ya jiko.

Karatasi za makopo Delaney amezichoma. Kalibu zimerudi ukutani, kila moja chini ya mtutu wake, isipokuwa mbili ambazo bado tunazibishania. Tungekuuliza wewe. Kila siku kuna jambo tungekuuliza.

Unakumbukwa na mkeo Oleta. Wanao Garnet na Verlie. Mjukuu wako Delaney, anayejifunza kuuliza kabla ya kupanga. Ndugu na majirani wote wa bonde. Na Hobart Mullins, aliyeomba jina lake liwekwe karibu na lako.

Siku zetu zote utabaki nasi, Thurman.